Kidingapopo: Jina la Maradhi ya Kuenea na Asili Yake

Katika majina ya maradhi yaliyopata kuenea pwani ya Afrika ya Mashariki, liko moja lililosafiri sana katika vitabu vya dunia, nalo katika vinywa vya wenyewe limekaribia kusahauliwa. Jina hilo ni kidingapopo, ambalo zamani liliandikwa kidinga pepo. Kamusi kubwa za Kiingereza hulitaja zinapoeleza asili ya neno dengue, na wasomaji wengi wamekwisha kuamini ya kuwa neno hilo la matabibu wa ulimwengu ni mali ya Kiswahili. Makala haya yanakusudia kulipima dai hilo kwa mizani tatu: sarufi ya lugha, tarehe za matukio, na dalili za maradhi yenyewe. Nia si kukinyima Kiswahili haki yake, bali ni kuitenga haki hiyo na zawadi tuliyopewa na wengine kwa haraka.

Yafaa kwanza tukumbuke ya kuwa lugha yetu ina njia mbili za kuyaita maradhi yanayoshika watu wengi kwa mara moja. Njia ya kwanza ni kukopa. Tauni na waba ni maneno ya Kiarabu. Tauni yatokana na shina lenye maana ya kuchoma kwa mkuki, na waba ni jina la jumla la maradhi yenye kuenea. Wanachuoni wa Kiarabu wa zamani waliyapambanua maneno hayo kwa uangalifu: kila tauni ni waba, lakini si kila waba ni tauni. Kiswahili hakikuuchukua mpaka huo kama ulivyo. Waba ilipofika pwani ilishikamana na ugonjwa mmoja, yaani kipindupindu, na maana yake ya jumla ikafifia. Hapo twapata funzo la kwanza, nalo litatufaa mbele: jina la maradhi likivuka bahari laweza kubadili maradhi yake, ijapokuwa sauti zake hazikubadilika sana.

Njia ya pili ni kuunda jina kwa kiambishi ki- na shina la kitenzi. Kichomi hutokana na choma, kipindupindu na pindua, kifafa na fa iliyokaririwa. Majina ya namna hii hayasemi ugonjwa umetoka wapi, wala hayasemi umeletwa na nini. Husema mgonjwa amefanywaje: amechomwa mbavuni, amepinduliwa, amekufa akafufuka. Ni ushuhuda wa jicho, wala si hukumu juu ya sababu. Kidinga pepo ni la jamaa hii ya pili, na hatuwezi kulifahamu sawasawa tukilitoa katika jamaa yake.

Habari za kwanza zilizo wazi za jina hili zatoka Unguja. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kilipita kisiwani kikaua watu wengi sana. Kabla msiba huo haujasahauliwa, mwaka 1870 yakazuka maradhi mengine yenye homa ya ghafula, maumivu makali ya viungo, na vipele mwilini. Yalishika watu wa kila tabaka, lakini waliokufa walikuwa wachache mno. James Christie, aliyekuwa tabibu wa Sultani wa Unguja, aliyaeleza maradhi hayo katika jarida la matabibu wa Uingereza mwaka 1872, na katika kichwa cha makala yake aliliweka jina alilolisikia kwa wenyeji: kidinga pepo. Wazee wa mji walikuwa wamemwarifu ya kuwa jina hilo si jipya. Maradhi ya namna ile ile yaliwahi kupita Unguja karibu na mwaka 1823, na wakati huo yaliitwa vivyo hivyo. Christie huyu ndiye pia aliyeandika historia ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, kitabu kilichotolewa mwaka 1876. Basi hakuwa mgeni katika kazi ya kusikiliza wazee na kulinganisha tarehe.

Mwaka 1881 Christie aliirudia habari hiyo katika jarida la matabibu wa Glasgow. Uchambuzi wa jina unaonasibishwa naye katika kamusi za Kiingereza unalikata vipande vitatu. Cha kwanza ni ka, kinachoelezwa kuwa na maana ya "aina ya". Cha pili ni dinga, pamoja na sura zake denga na dyenga, maana yake mshiko wa ghafula wa kukakamaa. Cha tatu ni pepo, roho mbaya au baa. Kwa jumla maana ikawa ni ugonjwa wa mkakamao wa ghafula uletwao na pepo. Uchambuzi huo umenakiliwa na wengi hadi leo, aghalabu pasipo kupimwa na mtu ajuaye sarufi ya lugha inayosemwa.

Tuupime, basi, kipande kwa kipande. Ka- ya udogo iko katika lugha nyingi za bara, lakini katika Kiunguja kazi hiyo hufanywa na ki-, kama katika kitoto na kilima. Na hata ki- ya jina letu haina maana ya "aina ya". Ni kiambishi cha ngeli, kile kile cha kichomi na kifafa. Christie mwenyewe katika makala ya mwaka 1872 aliandika kidinga, na hilo ndilo umbo la kushikwa.

Kipande cha pili ni shina la kitenzi. Maana aliyopewa Christie, ya mwili kushikwa na kukakamaa, yaafikiana na dalili alizoziona, na haiko mbali na maana ya kitenzi dinda, yaani kusimama kwa ugumu, ambacho wasemaji wangali wanakijua. Ukaribu wa sauti nd na ng peke yake si ushahidi wa asili moja, nami siujengi juu yake. Linalotosha ni kwamba maana hiyo haina ugeni wowote katika jamaa ya majina tuliyokwisha kuyataja.

Kipande cha tatu ndicho chenye mzozo. Kitenzi kikifuatwa na jina ndani ya neno moja la ngeli hii, lugha ina desturi yake. Kifunguamimba ni mtoto afunguaye mimba. Kitindamimba ni yule wa mwisho. Kifunguakinywa ni chakula cha asubuhi, na kivunjajungu ni mdudu ambaye jina lake lasema kuwa huvunja jungu. Katika maneno haya yote jina linalofuata kitenzi ni mtendwa. Halitendi. Mimba haifungui, hufunguliwa. Jungu halivunji, huvunjwa. Kwa hiyo kusema ya kuwa pepo ndiye aletaye mkakamao ni kulipa neno mpangilio ambao desturi hii haina.

Iko hata hivyo desturi ya pili, nayo ni ya kifaurongo, mdudu ajifanyaye mfu akiguswa. Urongo hapa si mtenda wala si mtendwa. Waeleza namna ya kufa. Tukilifuata neno hili, kidinga pepo ni maradhi yamfanyayo mtu akakamae kama aliyepandwa na pepo. Tena tunaye shahidi wa karibu zaidi, naye ni pepopunda, jina la ugonjwa uingiao kwa njia ya jeraha ukakaza taya na kuukakamaza mwili mzima. Katika pepopunda na katika kidinga pepo, neno pepo limesimama pamoja na ugumu wa mwili. Waliotoa majina hayo walikuwa wakieleza sura ya mgonjwa kwa mfano wa jambo walilolizoea kuliona, yaani mtu aliyepanda pepo ngomani. Tafsiri inayowafanya watu wa Unguja wawe wanatoa nadharia ya uchawi juu ya homa yao haina msingi katika sarufi yao.

Umbo kidingapopo, ambalo ndilo kamusi za karne ya ishirini ziliandika, laelezeka kwa njia nyepesi. Vipande viliposhikamana na maana zake kusahauliwa, e ya pepo ilivutwa na o iliyo mbele yake. Akisikia popo, mmoja humfikiria mnyama arukaye usiku, na mwingine hukumbuka kitenzi popotoa, yaani kusokota au kutegua. Dhana zote mbili ni za sikio tu. Maandishi ya mwaka 1872 yana pepo, na neno la zamani halifasiriwi kwa umbo lake la baadaye.

Sasa tuvuke bahari kwenda visiwa vya Karibi, ambako ndiko dai la asili ya dengue lilikojengwa. Katika mwezi wa Septemba mwaka 1827 homa yenye maumivu ya viungo ilizuka katika kisiwa cha Saint Thomas, na mwaka 1828 ikaenea visiwa vingi. Katika visiwa vya Waingereza iliitwa dandy, jina la mtu mwenye maringo ya mavazi na mwendo. Kuba iliitwa dengue. Kwa Kihispania neno hilo lilikuwa na maana ya madaha na kujitia unyeti, na wagonjwa, kwa ugumu wa viungo vyao, walikwenda mithili ya watu wenye kujivuna. Hoja ya Christie ilikuwa hii: watumwa waliotoka Afrika ya Mashariki walichukua maradhi pamoja na jina, Wakuba wakasikia dinga, wakalifananisha na neno lao dengue, na kutoka Kuba jina likaingia Marekani na Uingereza.

Hoja hii ina uzuri wake, nayo imependwa kwa sababu hiyo. Lakini tarehe hazikubaliani nayo. Mwaka 1998 tabibu na mwanahistoria José Rigau-Pérez alionyesha ya kuwa Malkia María Luisa wa Hispania, katika barua ya mwaka 1801, alilitumia neno dengue kwa ugonjwa aliokuwa nao, uliokuwa umeenea siku zile. Hiyo ni miaka 22 kabla ya kidinga pepo ya Unguja waliyoikumbuka wazee, na miaka 26 kabla ya homa ya Saint Thomas. Mtaalamu huyo alionyesha vilevile ya kuwa huko Puerto Rico, mwaka 1771, watu walikuwa na jina la Kihispania la homa ivunjayo mifupa. Basi wasemaji wa Kihispania hawakungoja neno kutoka kwetu ili wapate kuyaita maradhi ya viungo, wala hawakungoja mwaka 1828 ili dengue iwe jina la ugonjwa.

Njia ya safari nayo ina taabu. Ni kweli kwamba watu waliuzwa kutoka upande wetu wa bara hadi Kuba, na hapana atakayeweza kuifuta dhuluma hiyo katika historia. Lakini wengi wao walipakiwa katika bandari za Msumbiji, na huko Kuba waliitwa Macuá, kwa jina la Wamakua. Ili dai lisimame, ingepasa jina lililosikika Unguja liwe pia jina la watu hao, lipite nao bahari mbili, lipoteze ki- na pepo, na lifike Kuba likiwa na nguvu ya kushinda majina yaliyokuwako. Maandishi ya safari hiyo hayapo. Kilichopo ni mfanano wa sauti, na mfanano huo ulisikiwa na mtu ambaye sikio lake lilikuwa tayari. Mwaka 1869 Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha London kilikuwa kimekwisha kulipokea dengue kuwa jina rasmi. Mwaka uliofuata Christie akasikia kidinga mitaani Unguja. Si ajabu kwamba maneno mawili yalikutana akilini mwake.

Hatari ya kuhukumu kwa mfanano yaweza kuonekana kwa mfano mmoja ulio karibu nasi. Mwaka 1959 kaskazini mwa Uganda yalizuka maradhi ya homa na viungo, nao Waacholi wakayaita o'nyong'nyong, jina lielezalo kulegea kwa viungo. Kiswahili kina kitenzi nyong'onyea, maana yake kulegea na kuishiwa nguvu. Sauti zakaribiana, maana zakaribiana, na nchi zapakana, kuliko Unguja na Kuba. Hata hivyo Kiacholi si lugha ya Kibantu, na hapana mwanaisimu atakayethubutu kusema kwamba Waacholi walilikopa jina hilo kwa Waswahili pasipo kuleta ushahidi wa njia lililopitia. Kipimo tunachokitumia nyumbani ndicho kitumike ng'ambo pia, hata pale ambapo jibu lingetupendeza zaidi kama kipimo kingelegezwa.

Hata tukikanusha safari ya Kuba, lingali swali lililo kubwa zaidi kwa mwanahistoria: kidinga pepo ya mwaka 1870 ilikuwa maradhi gani? Jibu latoka kusini mwa Tanganyika. Mwaka 1952 katika wilaya ya Newala, juu ya nyanda za Wamakonde, yalizuka maradhi ya homa ya ghafula na maumivu ya viungo yaliyomkunja mgonjwa. Wenyeji waliyaita chikungunya, nao Marion Robinson na W. H. R. Lumsden wakayaeleza katika makala zao za mwaka 1955. R. W. Ross akaeleza kirusi chake mwaka 1956. Vitabu vingi vya ng'ambo vimeandika ya kuwa neno hilo ni la Kiswahili. Si kweli. Ni la Kimakonde, na kitenzi chake ni kungunyala, yaani kukauka na kujikunja. Mwisho wake -ala ndio ule ambao katika Kiswahili umepoteza l na kubaki -aa, kama katika sinyaa na finyaa. Na chi- ya mwanzo ndiyo ki- yetu, jinsi wenyewe wanavyoiita lugha yao Chimakonde pale tunaposema Kimakonde. Kwa hiyo kidinga na chikungunya yameundwa kwa kanuni moja: kiambishi cha ngeli ile ile, na kitenzi cha mwili uliogeuzwa hali yake.

Kufanana kwao si kwa sarufi tu. Mwaka 1971 D. E. Carey alizichunguza upya habari za zamani, akaonyesha ya kuwa maradhi kadha yaliyoitwa dengue na waandishi wa karne ya kumi na tisa, na miongoni mwao yale ya Unguja, yafanana zaidi na chikungunya. Homa ya dengi huumiza mwili, lakini maumivu makali ya viungo yenye kudumu baada ya homa kwisha ndiyo alama ya chikungunya. Hata safari za maradhi hayo zashuhudia. Yale ya mwaka 1870 yalitoka Unguja, yakafika Adeni mwaka 1871, kisha Bara Hindi. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu, mwaka 2005 ikafika Visiwa vya Komoro, halafu Réunion na Bara Hindi. Njia ni ile ile ya bahari yetu, ingawa vyombo vimebadilika.

Basi twaona kilichotokea. Katika karne ya kumi na tisa dengue lilikuwa jina la dalili, likitumiwa kwa kila homa ya kuenea yenye kuumiza viungo. Kirusi cha kwanza cha dengi kilipotengwa huko Japani mwaka 1943, jina likafungwa kwa kirusi hicho na jamaa zake. Chikungunya ikapata jina lake miaka kumi hivi baadaye. Lakini kamusi zetu ziliendelea kufasiri kidingapopo kuwa ni homa ya dengi, kwa sababu Christie aliandika dengue. Na dengue ya Christie si dengi ya maabara. Neno la Kiswahili halikubadilika. Lililobadilika ni neno la Kizungu ambalo tulilitumia kuwa fasiri yake.

Jambo hili si la wanakamusi peke yao. Homa ya dengi imezuka Dar es Salaam mara kadha katika miaka ya karibuni, mwaka 2014 na mwaka 2019 zikiwa miongoni mwake, na matangazo yalitumia neno la kigeni, ambalo watu walilisoma kila mmoja kwa namna yake, wengine wakilikaribisha kwenye dengu za jikoni. Liliulizwa swali la haki: kwa nini tusilirudishe kidingapopo? Ushauri wangu ni kwamba tusilirudishe kwa kazi hiyo. Dengi yaweza kuleta kutoka damu na mauti, na mgonjwa wake huonywa asitumie aspirini. Chikungunya huua mara chache, lakini huacha maumivu ya viungo kwa muda wa miezi. Jina moja likibeba maradhi mawili, mzee aliyepata kuugua kidingapopo ya zamani akapona kwa kumeza vidonge vya maumivu ataweza kumshauri mjukuu wake vivyo hivyo, na ushauri huo ukamdhuru.

Napendekeza mambo matatu. Dengi, kwa tahajia hii ya Kiswahili, lipokewe kuwa neno la mkopo lenye maana ya ugonjwa wa kirusi hicho tu. Chikungunya liandikwe katika kamusi kuwa ni neno la Kimakonde, na heshima ya kulitoa wapewe wenyewe. Kidingapopo nalo lifasiriwe kama neno la historia: jina la Unguja la maradhi ya homa na mkakamao wa viungo yaliyoenea karibu na mwaka 1823 na tena mwaka 1870, ambayo kwa dalili zake yaelekea kuwa ni yale yaitwayo leo chikungunya, umbo lake la zamani kidinga pepo.

Tukifanya hivyo, Kiswahili kitapoteza dai moja la kuwa mzazi wa neno la dunia. Faida yake ni kubwa kuliko hasara. Watu wa Unguja walioyaona maradhi yale kwa macho yao waliyaeleza kwa neno moja lililo sahihi, na neno hilo likahifadhi dalili ambazo matabibu walihitaji miaka mia moja kuzipambanua. Huo ni ushahidi wa kutosha juu ya akili ya lugha, wala hauhitaji msaada wa kamusi za Kiingereza.